Faida za Viatu vya Theluji

Saa saba mchana, jua likiwa utosini, Nasser alikuwa akipanda kilima cha Kyambogo kwa viatu vya theluji. Vilikuwa vipana kama ungo, vya kumzuia mtu asizame thelujini, na kila hatua vilikwaruza nyasi kavu. Wanafunzi wa chuo walisimama kumpiga picha.

"Ssebo, barafu iko wapi?" mmoja alicheka.

"Mwacheni mzee," Umulkheir alimkemea. "Anafanya mazoezi."

Viatu vilitumwa na binti yao Raisa kutoka Kanada, pamoja na kijitabu, mara tu aliposikia moyo wa baba yake umechoka. Daktari alishasema: uzito usipopungua, Nasser atakwenda wakati wowote. Macho yake yalishaharibiwa na sukari, kwa hiyo Umulkheir ndiye aliyemsomea kijitabu. Viatu hivi vinayeyusha mafuta mara mbili ya kutembea hivi hivi. Vinakaza mapaja, haviumizi magoti, vinaupa moyo nguvu. Ukurasa wa mwisho haukuwa na faida hata moja, akauruka.

Umulkheir akishika jambo, amelishika. Tangu Mfungo Mosi walilala vyumba mbalimbali, lakini kila mchana alimgongea mlango, viatu mkononi. Asubuhi hakutaka kabisa. Jua, alisema, ndilo litoalo jasho. Wiki ya tatu alimbebesha mgongoni kilo tano za unga wa posho. Kila wakirudi alikata siku moja kwenye kalenda ya ukutani, na roho ilimwenda mbio kuona zilizobaki ni chache.

"Mama Raisa, leo nakufa," Nasser alihema, kashika kiuno.

"Bado kidogo, Baba Raisa. Tufike pale kwenye tangi."

Siku moja alianguka kifudifudi. Umulkheir alisimama kando yake akizisikiliza pumzi. Zilipotulia, akamwinua, wakaendelea kupanda.

Mtaa mzima wa Bukoto ulimsifu. "Huyu ndiye mke," alisema jirani yao Nusura. "Wengine wetu tungekaa tu tukingoja arobaini."

Mwezi wa tatu ulipotimia wakaenda kliniki. Daktari Lailah alipima, akapima tena, akavua miwani.

"Kilo kumi na nane zimekwenda, Hajji. Presha imeshuka. Moyo huu ni wa kijana! Nani kakufanyia hivi?"

Nasser alimwonyesha Umulkheir kwa kidole. Umulkheir alilia mpaka ncha ya mtandio ikalowa, na daktari naye machozi yakamlengalenga.

Walipofika langoni, Nasser alisimama. Alikuwa amepanda kutoka barabarani bila kuhema.

"Haki ya Mungu, umeniokoa, na sitasahau," alisema kwa upole. "Lakini talaka ni talaka. Tuliificha kwa ajili ya Raisa, basi. Eda yako imekwisha jana, na bibi harusi anaingia Ijumaa. Kaka yako Swaibu yuko njiani kukuchukua na masanduku yako."

Umulkheir aliitazama nyumba aliyoishi miaka thelathini na moja. Siku zote zile alimchagulia jua kali na mlima mkali ili amfie ndani ya eda, airithi nyumba ile kama mjane. Na mwanamume alikuwa amepona.