Mnara wa Fundi Saa

Kondoo wa kwanza alivishwa kofia ya chuma, akasukumwa kuelekea lango la mnara. Mchawi aliyekuwa juu alimwona, akadhani ni askari, akamteketeza kwa tufe la moto.

"Huyo amekwenda," alisema dada mtu, akiondoa kifungo cha shati mezani. "Leta mwingine."

"Yaani mnanipiga vita kwa mifugo?" Baba aliuliza. "Hamna hata haya."

"Haya tumeiacha nyumbani, Baba. Kila kondoo anakumalizia uchawi mmoja."

Mnara ulikuwa kopo la kahawa. Jeshi lilikuwa vifungo, pamoja na skrubu ndogo zilizobaki Baba alipofunga duka lake la kutengeneza saa. Mchezo huu wa majeshi na wachawi waliucheza tangu watoto wake wawili wakiwa shule ya msingi. Sasa dada mtu alikuwa muuguzi, mdogo wake mchonga mihuri, na kila Jumapili mchana bado waligombea kiti kilekile cha karibu na dirisha.

Ila safari hii mchezo ulikuwa na dau. Jicho la kushoto la Baba lilikuwa limezibwa kabisa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa linaelekea hukohuko. Daktari alishasema upasuaji usicheleweshwe zaidi. Kila walipomgusia, Baba alianza kuzungumzia hali ya hewa. Walipomkaba sana, alisema: "Siku mtakayomtoa mchawi wangu mnarani, nitakwenda hospitali kwa miguu yangu mwenyewe."

Wakaanza kumzingira. Mwanzoni walivamia kwa pamoja, wakaungua kwa pamoja. Wakajifunza. Wakawatawanya askari ili moto mmoja usiwakute wote. Wakapiga ngoma chini ya dirisha lake usiku kucha, maana kwa sheria za mchezo, mchawi asiyelala harudishiwi nguvu. Kisha wakaleta kondoo.

Mnara ukagoma kuanguka, na sababu ilikuwa dadu. Kila uchawi uliamuliwa kwa dadu yenye nyuso ishirini, namba kubwa ikishinda, na meza yao ilikuwa na desturi yake: anayerusha ndiye anayesoma, na hakuna kuchungulia dadu ya mwenzako. Baba aliirusha, akainama mpaka pua ikakaribia meza, kisha akatangaza kumi na nane. Au kumi na tisa. Tangu macho yaanze kumsumbua, alikuwa mtu mwenye bahati ya ajabu.

Jikoni, chai ikichemka, mdogo mtu alitoa kitu mfukoni.

"Nimeichonga mwenyewe," alinong'ona. "Nyuso zote ishirini zina namba moja tu: moja."

"Unataka kumwibia baba yako?"

"Nani ameanza kuiba, Dada? Yule haoni hata anachokisoma!"

"Basi hata hiyo yako ataiita kumi na nane."

"Nimezichonga namba zikazama. Kidole chake kitazisoma. Na akidanganya, leo tunachungulia."

Dada mtu aliipua chai. Hakupenda kumhukumu mtu haraka, hata mdogo wake. Akalifikiria lile jicho la kulia, ambalo wiki iliyopita lilimfanya Baba amimine chai nje ya kikombe.

"Haya," alisema hatimaye.

"Hiyo chai bado mnaichuma?" Baba aliita kutoka sebuleni.

Mdogo mtu akaisukuma dadu chini ya kitambaa cha sinia, wakatoka na sinia haraka.

Kondoo wawili zaidi waliungua. Mchawi akabakiwa na uchawi mmoja tu, tena akiwa hajalala. Mdogo mtu alisogeza jeshi lote hadi mlangoni. Baba aliichukua dadu, lakini hakuirusha. Alinywa chai kwanza.

"Tuseme huyu mchawi ametoka," alisema. "Mtamfanya nini?"

"Hatumfanyi kitu," dada mtu alijibu. "Jeshi letu lina muuguzi."

"Nasikia muuguzi mwenyewe ana mikono ya baridi."

"Ya baridi kweli. Lakini akishamshika mtu, hamwachi."

"Anamshika mpaka wapi? Mlangoni?"

"Mpaka ndani, Baba. Mpaka kazi iishe."

Baba alikizungusha kikombe kwenye kisahani chake. "Msidhani mchawi ni mwoga. Ana maswali tu."

"Tunajua."

"Haya basi."

Akaitikisa dadu, akairusha. Ikabingirika kati ya vifungo, ikatulia. Baba akainama, akakaa ameinama muda mrefu kuliko kawaida.

"Moja," alisema.

"Umesema ngapi?" mdogo mtu aliuliza.

"Moja! Mimi macho, wewe masikio. Kesho tutalazwa wote."

Akafungua kopo mwenyewe, akatoa kigurudumu cha saa kilichokuwa mchawi, akakiweka katikati ya askari. "Kesho asubuhi mje mapema, kabla sijabadilisha mawazo. Na vitu hivi msivikusanye. Nikirudi tutaona kama mnajua kutawala, maana kuvamia kila mtu anajua." Akaenda chumbani kutafuta viatu vyake vizuri.

Dada mtu alijifuta machozi haraka, akamgeukia mdogo wake.

"Kumbe una mkono mwepesi hivyo! Umeibadilisha saa ngapi?"

"Mimi? Si wewe uliyekaa karibu naye?"

Walitazamana. Dada mtu akainua kitambaa cha sinia polepole. Dadu ya kuchonga ilikuwa palepale, haijaguswa.

Ndipo wote wawili wakainama juu ya meza, wakachungulia dadu ya baba yao.

Ilikuwa ishirini.