Kwale na Chama cha Watazama Ndege

Zamani zile wanyama walipoanza kupenda vyama, Kenge na Nguchiro waliunda Chama cha Watazama Ndege. Kwale, aliyekuwa akiatamia nyasini, akaona heri awe mtazamaji kuliko mtazamwa, ili mayai yake yasalimike.

“Karibu, dada,” Kenge akamwambia. “Mwanachama mpya hutuonyesha kiota kimoja. Sisi tunatazama tu.”

Kwale akawaonyesha kiota cha jirani yake, Njiwa. Wakatazama kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao.

Asubuhi Kwale akakikuta kile kiota kitupu, maganda ya mayai yametapakaa chini. Akamkimbilia Kenge.

“Mlisema mnatazama tu.”

“Na tulitazama, dada. Si ulikuwepo?” Kenge akajilamba mdomo. “Kisha tukarudi.”

“Na mimi je? Mimi si mwenzenu?”

“Mwenzetu kabisa. Na kiota chako hata hatukijui kilipo. Twende basi, leo tuna matembezi. Kuna mwanachama mpya, amejiunga alfajiri.”

Kwale akageuka. Njiwa, macho mekundu, alikuwa ameshatangulia mbele ya Nguchiro, akielekea nyasini.