Chiriku na Wimbo wa Kukosa

Tegeni sikio, wajukuu zangu, maana hata wanyama wana vyuo vyao. Katika chuo kimoja, Digidigi alikuwa nahodha wa wasichana wa mpira wa kikapu. Msimu ulipokaribia, Chiriku, mkuu wa mashabiki, akaja mazoezini na kelele zake.

"Dada nahodha, nyimbo za ubingwa tayari! Kombe mwaka huu letu, au sivyo?"

"Za ubingwa tu? Tukikosa kikapu utaimba nini?"

"Mkose tena? Mkikosa sisi tunaondoka zetu, kama mwaka jana."

"Ndiyo maana tulifungwa. Timu ya Twiga ilitutangulia kwa pointi kidogo tu, kugeuka tukaona viti vitupu. Tangu hapo sisi tunajifunza kukosa na kuufuata mpira tena. Nyinyi mmejifunza nini?"



Digidigi akarusha mpira makusudi, ukagonga chuma, ukaruka nje. "Haya, imba!"

Chiriku akakohoa. "Umekataa huo... leteni mwingine!"

Ukarushwa, ukakataa tena, naye akaimba kwa nguvu zaidi, mpaka sauti ikamkauka.

"Kesho," akasema kwa kukwaruza, "nakuja na mashabiki wote."