Mlio Nyuma ya Pazia

Mapambo ya fedha yalilia tena nyuma ya pazia, na Annaly akajimwagia chai mapajani.

"Bwana harusi anatetemeka!" Shangazi Ogulbeg alicheka. "Tulia, ngamia wee, mulla yuko njiani kuja kuwafungisha ndoa. Mke yupo, si unamsikia?"

Wanawake waliojaa hemani wakaangua kicheko. Annaly hakucheka. Mlio ule aliujua kuliko jina lake: bangili nzito, sarafu za kifuani, na lile pambo la umbo la moyo linalogonga mgongoni, kwenye ncha za nywele za mke wa mtu. Kaka yake Sahet alipokuwa hai, Annaly alilala akiusikiliza kutoka hema la pili, akiutamani. Sasa Sahet yuko chini ya mchanga, na leo mdogo mtu anamrithi mjane wake, Akjemal.

Akjemal aliomba arudi kwao, ng'ambo ya vilima. Baba akakataa katakata: mahari ilikwisha kutolewa, mwanamke ni wa ukoo. Tangu siku hiyo, kila mapambo yale yakilia, Annaly alihisi mtu amesimama kisogoni pake, pumzi yake baridi kama kisima.

"Mama yuko wapi?" aliuliza.

"Kaenda kaburini kwa Sahet," Shangazi alijibu. "Kamvisha bibi harusi peke yake, hata kifungo hatukugusa, kisha akaenda zake. Mwache alie."

Nje mbwa walibweka. Wanawake wakakimbilia mlangoni kumtazama mulla, na Annaly akapenya pazia.

Bibi harusi alikuwa amekaa, amempa mgongo, amefunikwa joho jekundu gubigubi. Kimya, kama inavyompasa.

"Shemeji," Annaly alinong'ona. "Kama hunitaki, sema neno moja tu. Nitasimama mbele ya Baba, naapa."

Bangili zililia.

Ile pumzi baridi ikamgusa kisogoni. Annaly hakuvumilia zaidi. Alilishika joho kwa nyuma, akalifunua.

Pambo la moyo lilining'inia palepale alipolijua. Nywele zilizolibeba zilikuwa nyeupe pe.

"Funika, mwanangu," mama yake alisema bila kugeuka, mikono yake ikiendelea kuzitikisa bangili. "Akjemal hajavuka vilima bado."