Robo Mia na Hamsini

"Robo!" Wendelin alipayuka katikati ya misa, padri akiwa ndiyo kwanza anamega hostia.

Kanisa zima likageuka. Mkewe, Ottilia, akamfinya paja.

Lakini wazo lilikuwa limeshaingia. Katekisimu inafundisha kwamba hostia ikimegwa, kila kipande ni kizima. Basi! Wiki tatu alikuwa akigombana na chipu, kompyuta ndogo isiyozidi ukucha wa kidole gumba, aliyopewa kwenye darasa la jioni la ufundi hapo Mbinga, akitaka iongoze joto la sanduku lake la kuangulia mayai. Chipu hiyo ilijua namba nzima tu. Mayai ili yaanguliwe yanataka joto la nyuzi thelathini na saba na nusu. Yenyewe ilijua thelathini na saba, ilijua thelathini na nane. Hapo katikati ilikuwa mpagani kabisa.

Ukihesabu kwa robo, nusu haipo tena. Thelathini na saba na nusu ni robo mia na hamsini, namba nzima kama Mungu alivyoiumba.

Habari njema hiyo aliihitaji. Mama mkwe wake, Mama Mektilda, alikuwa amempa changamoto mbele ya jumuiya. Kwa heshima ya ukwe wawili hao hawakusemezana ana kwa ana. Maneno yote yalipitia kwa Ottilia, aliyeketi katikati kama simu ya posta.

"Mwambie mumeo," alisema mama siku ile, "hili soko huria limeleta wazimu, kila mwanamume anataka mashine. Nitampa mayai ishirini. Yakianguliwa, asome mpaka ang'oke meno. Yasipoanguliwa, madaftari tutawashia moto, naye arudi kuchimba mashimo ya ngoro kwenye shamba langu."

"Mwambie mama nimekubali."

"Mmesikiana," alisema Ottilia. "Mimi nimechoka."

Jumatatu Mama Mektilda alileta mayai mwenyewe, yakiwa bado na joto. "Mwambie yametagwa sasa hivi," alisema, akaondoka akitabasamu.

Wendelin alitamani kuyamulika kwa tochi kama mwalimu alivyofundisha. Lakini nani humulika zawadi ya mama mkwe? Huko ni kumtukana mtu mzima mchana kweupe.

Ottilia akampokonya kikapu. "Usiguse! Mikono inanuka risasi ya kuchomelea redio. Vifaranga watazaliwa wanakohoa. Washa kandili, sanduku lipate joto kwanza. Nakwenda Kitai mara moja, nikirudi nitayapanga mwenyewe."

Alasiri akarudi, akayapanga, akafunga sanduku.

Kazi ikaanza. Kandili lilitoa joto, betri ya gari ililisha chipu, na chipu ikafungua na kufunga kidirisha cha hewa kila robo zilipozidi au kupungua. Wendelin alisali rozari ubavuni mwa sanduku, asubuhi na jioni.

"Mwombee na mafuta ya taa," Ottilia alimkebehi. "Bikira Maria hauzi."

Siku ya ishirini na moja jumuiya nzima ilijaa uani. Mama Mektilda alikuja na kiberiti mkononi, akaketi mbele, akauliza madaftari yako wapi.

Kabla hajajibiwa, sanduku likalia. Pi. Pi pi.

Wendelin akafungua. Vifaranga kumi na sita, wamelowa, wanayumba kama walevi wa komoni. Akaanguka magotini, machozi yakimtoka. Wanawake wakapiga vigelegele.

Mama Mektilda alisimama. Alisahau ukwe, akasahau jumuiya, akamwelekea Wendelin uso kwa uso.

"Uchawi huu umeutoa wapi? Mayai yale niliyachemsha mwenyewe mpaka maji yakakauka!"

Vigelegele vikakatika.

"Yalikuwa yameiva vizuri sana, Mama," alisema Ottilia. "Niliwauzia abiria wa basi pale Kitai, na chumvi juu. Hela yake ndiyo iliyonunua haya mabichi."