Rauta Moja, Pande Mbili

Kila asubuhi Nabwile aliwasha kompyuta, akawasha printa, kisha akatoka uani kuinjika chai huku binti yake Ciru akifagia duka. Akirudi, karatasi moja ilikuwa imeshatoka: "Umelala vizuri, Nabwile?"

Asubuhi hii printa ilikaa kimya.

Akakagua wino. Akakagua nyaya. Nyuma ya ukuta wa mbao mumewe, Mbugua, alikuwa akiwafungulia wateja wa intaneti na kukohoa vilevile kama jana.

Walikuwa wamegawana duka hilo la Kitale tangu mama yake Nabwile azikwe kule Bumula bila mkwewe kufika. Mbugua alisema kazi zilimzidi. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Intaneti ikabaki kwa mume, uchapaji kwa mke. Kwa kuwa laini ya intaneti ilikuwa moja tu, fundi Wekoye aliitwa kutoka Bungoma, akaigawa rauta, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, iwe na mitandao miwili isiyoonana.

"Mmekuwa kama Lwakhakha pale mpakani, bana," aliwatania. "Huku Kenya, huku Uganda."

Baada ya Krismasi ndipo salamu zile zilipoanza. Hazikuwa na jina la mtumaji, lakini Kitale nzima ilimwita Mama Ciru. Aliyemwita Nabwile alikuwa mmoja tu. Alizificha karatasi zote chini ya kitambaa cha meza, na siku baada ya siku moyo ukalainika. Jana, baada ya kumsindikiza Ciru stendi aende kuanza masomo ya chuo Mabanga, alikata shauri: kesho atapeleka chai upande wa pili, amwombe Mbugua waende pamoja kaburini kwa mama.

Sasa vikombe viwili vilikuwa mezani, chai ikipoa. Labda amechoka kungoja jibu, aliwaza.

Alimpigia Wekoye, akamweleza kwa haya kwamba karatasi anazotuma Mbugua hazifiki tena kwenye printa yake.

Wekoye akamkatiza.

"Tena? Mama Ciru, hazijawahi kufika. Si nyinyi mlisema nisiache njia kati yenu? Niliifunga siku ileile. Kitu kikitoka kwa printa yako, kimetumwa kutoka upande wako."

Alimshukuru, akakata simu. Akaitazama kompyuta ya pili, ile ya dirishani aliyozoea kuitumia Ciru, iliyofunikwa kitambaa tangu jana. Ng'ambo ya mbao, Mbugua alikuwa akicheka na mteja fulani.

Simu ikalia mkononi mwake. Alikuwa Ciru, kutoka Mabanga, na hakungoja hata kuulizwa alifikaje.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "leo Baba amekusalimia mwenyewe?"