Saa Mkononi mwa Mama

Wanawake walipomaliza kumwosha marehemu, shangazi alitoka ndani akamkabidhi Mudathiri saa ya mama yake.

Mudathiri anauza simu Masasi, na hakuna kifaa kipya kinachompita. Mwezi uliopita aliileta kijijini Mnyambe saa hiyo inayopima mapigo ya moyo na kuyatuma kwenye simu yake, akamvisha mama yake huku majirani wakishangaa.

Jana asubuhi mama alimpigia simu.

"Mwanangu, kifua kinanibana. Baba yako anataka tukodi bodaboda, twende hospitali Newala."

Mudathiri alifungua programu ya saa kwenye simu yake. Mapigo sabini na nane, rangi ya kijani.

"Moyo wako uko sawa, Mama. Hiyo ni gesi tu. Pumzika."

"Haya, mwanangu. Ahsante."

Jioni akafariki.

Sasa Mudathiri aliikausha saa kwa shati lake. Kwenye mkanda aliona tundu ambalo halikutoka kiwandani. Mama alikuwa amelitoboa mwenyewe kwa sindano, maana mkono wake ulikuwa mwembamba.

Baba yake alikuja kuketi karibu naye mkekani.

"Mama yako aliniambia tu kwamba safari haipo tena," alisema. "Wewe ndiye unayevijua vitu hivi. Hiyo saa haikuona kitu?"

Mudathiri alishindwa kumtazama.

"Ilikuwa imeisha chaji, Baba."



"Basi nimemuua mimi," alisema mzee. "Kazi ya kuichaji alinipa mimi."